Mizani ya Shylock katika Nchi ya Pamba na Dhahabu

Katika sehemu ya nne ya tamthilia ya The Merchant of Venice, Shylock anaingia mahakamani na vitu vitatu: hati ya deni, kisu na mizani. Kisu anakinoa kwenye soli ya kiatu chake mbele ya umati. Hati anaitaja karibu kila anapofungua kinywa. Mizani hutajwa mara chache, na wachambuzi wengi huipita haraka wakikimbilia hotuba ya Portia kuhusu huruma. Portia, aliyejigeuza mwanasheria kijana, anamuuliza kama mizani ipo. Ipo tayari, anajibu. Anamuuliza tena kama ameleta tabibu wa kuziba jeraha, ili mdaiwa asife kwa kuvuja damu. Shylock anaipekua hati na kusema kifungu cha tabibu hakimo.

Msomaji wa Shinyanga au Geita hawezi kuipita mizani hiyo kirahisi. Historia ya ukanda huu kwa miaka mia moja iliyopita ni historia ya watu waliopeleka mali yao kupimwa na mtu mwingine: pamba, kisha dhahabu, kisha makontena ya mchanga wenye dhahabu. Swali la nani ameshika mizani limejenga vyama vya ushirika na limechangia kujenga TANU, chama kilicholeta uhuru. Mnamo 2017 lilitikisa kampuni kubwa za madini. Ndiyo maana komedi hii ya mapenzi, iliyoandikwa London kati ya 1596 na 1598 na kuchapishwa 1600, enzi ya Malkia Elizabeth wa Kwanza, ina mengi zaidi ya kusema Kahama na Nyarugusu kuliko inavyodhaniwa darasani.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Bassanio, kijana wa Venisi aliyefuja mali yake, anataka kumposa Portia, mrithi tajiri wa Belmont. Hana fedha za kujionyesha kama mchumba wa hadhi. Rafiki yake Antonio, mfanyabiashara, ana merikebu baharini lakini hana fedha mkononi, kwa hiyo anakopa dukati 3,000 kwa Shylock, Myahudi ambaye amekuwa akimtukana na kumtemea mate. Muda ni miezi mitatu. Deni lisipolipwa, Shylock atakata ratili moja ya nyama kutoka mwilini mwa Antonio. Kwa upande wa pili, Portia hawezi kujichagulia mume: marehemu baba yake ameacha wosia kwamba mchumba achague kati ya makasha matatu, la dhahabu, la fedha na la risasi. Tamthilia inaisha kwa ndoa tatu. Kwa kanuni za jukwaa la enzi hiyo, ndoa ndizo zinazoifanya iitwe komedi, hata kama mtu mmoja ametoka mahakamani amevuliwa mali, binti na dini.

Shylock aliongea Kiswahili mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mwaka 1867 Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana, alichapisha Zanzibar kitabu kidogo cha visa vya Shakespeare vilivyofupishwa, na kisa cha mfanyabiashara wa Venisi kilikuwamo. Zanzibar ya wakati huo ilikuwa mahali pa kukielewa. Misafara ya pembe za ndovu iliyokwenda Tabora na kuvuka hadi Ziwa Tanganyika iliendeshwa kwa mali ya mkopo. Tippu Tip mwenyewe, kiongozi mashuhuri wa misafara, alikopeshwa na Taria Topan, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuwa na nguvu kisiwani. Wapagazi wengi walitoka Unyamwezi na Usukuma. Walibeba mabegani mali ambayo, kabla haijafika pwani, ilikwisha kuandikwa kwenye daftari la deni la mtu mwingine. Antonio alisubiri merikebu zake kutoka Tripoli, Lisbon na Mexico. Matajiri wa Zanzibar walisubiri misafara, kwa wasiwasi uleule.

Tafsiri kamili ilikuja baada ya karne nzima. Mwalimu Julius Nyerere, aliyekwisha kuchapisha tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963, alitoa Mabepari wa Venisi mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha. Jina alilolichagua lilimwelekeza msomaji aangalie mali kabla ya mapenzi. Na mfasiri huyu alikijua kizimba kwa mwili wake: mwaka 1958 alishtakiwa kwa makala iliyowashutumu maofisa wa wilaya katika Sauti ya TANU, akahukumiwa kulipa faini ya pauni 150 au kwenda jela miezi sita. Alilipa.

Moyo wa tamthilia, kwa msomaji wa Usukuma, upo kabla ya mahakama, katika mazungumzo ambayo walimu wengi huyaruka. Antonio anapomkaripia Shylock kwa kutoza riba, Shylock anajibu kwa kisa cha kitabu cha Mwanzo, sura ya 30: jinsi Yakobo, akichunga kondoo wa mjomba wake Labani, alivyokubaliwa kuchukua wenye madoa kuwa ujira wake, kisha akafanya ujanja wa fito ili kundi lizae wenye madoa wengi. Faida ile ilikuwa baraka, anasema, maadamu haikuibwa. Antonio anamuuliza kama dhahabu na fedha zake nazo ni kondoo majike na madume. Shylock anajibu kwamba hajui, ila yeye huzifanya zizae upesi vilevile.

Mjadala huo ungeeleweka mara moja kwenye baraza la wazee wa Kisukuma. Kwa vizazi vingi mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwenye zizi moja. Aliwagawa kwa ndugu na marafiki wa mbali, kama kinga dhidi ya ugonjwa, ukame na macho ya watu. Aliyepokea alipata maziwa na samadi, na kwa makubaliano aliweza kupewa ndama. Huo ni mkopo wenye faida, na hakuna aliyeuona kuwa dhambi, kwa sababu ng'ombe anazaa kweli na pande zote mbili zinaona ndama kwa macho. Mahari yenyewe ilipita katika mtandao huo. Kijana alikusanyiwa ng'ombe na baba na ndugu, na mahari ya dada mara nyingi ndiyo iliyomwolea kaka. Kwa hiyo Bassanio anayekopa ili akaoe si mtu wa ajabu hapa. Cha ajabu ni kwamba alikwenda kuposa bila wazee, akiwa na nguo mpya na deni la mtu mwingine.

Fedha ilipoingia Usukuma kwa kodi ya kikoloni na pamba, deni lilipoteza uso wake. Shilingi haizai ndama. Mkulima alipeleka marobota kwenye kituo cha ununuzi, akasimama upande mmoja wa mizani, na mnunuzi upande wa pili akasoma ratili ambazo mkulima hakuweza kuzisoma. Malalamiko ya kupunjwa yalijaa kote kusini mwa Ziwa Victoria. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walianza kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wa kupima pamba upya kabla haijafika kwa mnunuzi, ili tofauti ionekane hadharani. Hatua hiyo ndogo ilizaa mambo makubwa. Paul Bomani, kijana wa Mwanza, alikuwa miongoni mwa viongozi waliokusanya vikundi hivyo, na mwaka 1955 ukaundwa muungano wa vyama vya ushirika wa Victoria, uliokuja kuwa miongoni mwa mashirika makubwa ya Waafrika katika bara hili. Wakati huo TANU ilikuwa imepigwa marufuku Usukuma, kuanzia 1954 hadi 1958. Watu walijifunza siasa kwenye mizani. Mwaka 1958 maelfu ya wananchi wa Geita walitembea hadi Mwanza kupinga halmashauri ya mchanganyiko wa rangi waliyopelekewa bila ridhaa yao, na wengi wao walikuwa wakulima wa pamba.

Hapa inafaa kusimama na kumtazama Shylock kwa haki, kwa kuwa ni rahisi kumvisha sura ya mnunuzi wa pamba na kumaliza. Wanunuzi wengi walikuwa Wahindi, na hasira ya mkulima iliwaona wao tu. Lakini mwenye duka wa kijijini naye alidaiwa na tajiri wa mjini, na yule wa mjini akadaiwa na kampuni za pwani. Shakespeare aliijua ngazi hiyo: Shylock hana dukati 3,000 taslimu, anategemea kupewa na Tubal, Myahudi mwenzake. Serikali ya kikoloni, kwa sheria ya miaka ya 1920 ya kuzuia mikopo kwa Waafrika, ilifanya deni la mfanyabiashara lisidaiwe mahakamani bila kibali, ikiita hilo ulinzi. Matokeo yake, Mwafrika aliyetaka mtaji halali alikosa pa kukopa, na mikopo ikaenda chini ya meza. Venisi ya Shakespeare ni hivyohivyo: inamtumia Myahudi kwa kazi ya kukopesha ambayo Wakristo wanaihitaji, kisha inamtukana kwa kuifanya. Wayahudi walikuwa wamefukuzwa Uingereza mwaka 1290, na karibu wote waliomcheka Shylock hawakuwahi kuishi jirani na Myahudi. Riba waliijua vizuri zaidi. Baba yake Shakespeare, John, alishtakiwa mwaka 1570 kwa kukopesha kwa riba.

Ushirika wenyewe haukuwa malaika. Mwaka 1966 tume ya rais ilipokea malalamiko mengi juu ya vyama, yakiwemo ya ubadhirifu na makarani wasioaminika, na mwaka 1968 muungano wa Victoria uliwekwa chini ya serikali na kubadilishwa jina kuwa Nyanza. Mizani ilibadilisha mikono. Mkulima alibaki upande uleule.

Dhahabu ndiyo inayotupeleka Belmont. Kasha la dhahabu linaahidi kile ambacho wengi wanakitamani. La fedha linaahidi kile ambacho mtu anastahili. La risasi linadai mtu atoe na kuhatarisha kila alichonacho. Mwana wa mfalme wa Moroko, aliyeingia akiomba asidharauliwe kwa rangi ya ngozi yake, anafungua la dhahabu na kukuta fuvu la kichwa. Anaondoka, na Portia anatamka kwamba angependa wote wenye rangi ile wachague hivyohivyo. Wanafunzi wanaomsifu Portia kwa huruma yake wanapaswa kulisoma neno hilo mara mbili. Msichana anayefundisha mahakama nzima rehema anaanza tamthilia akiwa na ubaguzi usio na aibu, na Shakespeare ameuacha wazi tuuone.

Fuvu ndani ya dhahabu ni jambo ambalo Kahama inalijua. Oktoba 2015 duara, yaani shimo la uchimbaji, liliporomoka katika machimbo ya Nyangalata. Baada ya siku 41, watu watano walitolewa chini ya ardhi wakiwa hai. Walikuwa wamekula mizizi, mende na vyura. Mwenzao wa sita alifia humo. Mchimbaji mdogo anasoma maandishi ya makasha yote matatu kwa pamoja: anatamani kama anayefungua la dhahabu, na anahatarisha kama anayefungua la risasi. Anayeshuka mara nyingi si mwenye duara wala mwenye leseni. Mtu mwingine amelipia chakula, kamba, baruti na pampu ya maji, na mawe yanapopatikana hugawanywa kwa mifuko kwenye mdomo wa duara: ya mwenye leseni, ya mwenye duara, ya mfadhili, na iliyobaki ya wachimbaji. Mfuko wa mchimbaji unakwenda kwenye karasha, unga unaoshwa kwenye mteremko uliotandikwa magunia, zebaki inachanganywa kwa mkono kwenye beseni, na kitonge kinachobaki kinachomwa hadi kigeuke manjano. Kisha kinawekwa kwenye mizani ndogo ya dalali, isiyozidi ukubwa wa kiganja, na watu wote wanaacha kuongea.

Ukali wa hukumu ya Portia unaonekana hapo. Anamruhusu Shylock akate nyama, ila damu isimwagike hata tone, kwa kuwa hati haikutaja damu. Kisha anaongeza sharti ambalo wachambuzi hulisahau: akikata zaidi au pungufu ya ratili moja, mizani ikiinama hata kwa uzito wa unywele, atakufa na mali yake yote itachukuliwa. Yeyote aliyewahi kuuza dhahabu anajua kwamba kipimo cha aina hiyo hakiwezekani. Portia ameishinda hati kwa kuisoma kwa ukali kuliko aliyeiandika. Gratiano, rafiki wa Bassanio, anashangilia na kumzomea Shylock, na hadhira ya London, iliyosimama uwanjani mchana kweupe, bila shaka ilizomea naye. Hadhira ya Usukuma ingejua la kufanya: mashindano ya ngoma ya Bagalu na Bagika, yenye mizizi katika karne ya 19, yamewafundisha watu kuchagua upande, kuimba kejeli na kupima ushindi kwa wingi wa umati unaovutwa kutoka kwa mpinzani.

Portia aliweza kusema hayo kwa sababu alivaa nguo za kiume. London jambo hilo lilikuwa na tabaka mbili, maana wahusika wa kike waliigizwa na wavulana: mvulana anaigiza mwanamke anayeigiza mwanamume. Migodini hali ilikuwa ya dhati zaidi. Katika machimbo mengi ya Tanzania mwanamke alikatazwa kukaribia duara kwa imani kwamba dhahabu itakimbia, akaachiwa kuponda mawe, kuosha na kupika. Huko Mererani, kwenye tanzanaiti, Pili Hussein alijificha kwa miaka mingi katika mavazi ya kiume, akashuka chini na wanaume bila wao kujua, na alijulikana ni mwanamke pale tu alipotuhumiwa pamoja na wachimbaji wenzake kwa kosa la kubaka na ikabidi ajieleze. Alipata mawe, akaajiri watu, akasomesha watoto wa ndugu zake. Portia alivua joho lake baada ya siku moja.

Jessica, binti wa Shylock, hatajwi sana, na inasikitisha. Anatoroka usiku na mpenzi wake Lorenzo akibeba sanduku la dukati na vito, kisha Shylock anasikia kwamba pete ya feruzi aliyopewa na marehemu mkewe, enzi za uchumba wao, imebadilishwa kwa nyani. Anasema asingeitoa hata kwa msitu mzima wa nyani. Hapo pekee tunasikia kwamba mtu huyu aliwahi kupenda. Jiwe lina bei mbili, ya sokoni na ya aliyelivaa. Shinyanga ilitoa jiwe la namna hiyo mwaka 1947: almasi ya rangi ya waridi ya karati 54.5 kutoka Mwadui, mgodi uliogunduliwa na mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, mwaka 1940. Aliitoa zawadi kwa harusi ya binti mfalme Elizabeth, ikachongwa hadi karati 23.6, na mwaka 1953 ikawekwa kwenye bruchi ya Elizabeth wa Pili. Waliochekecha udongo wa Mwadui waliishi ndani ya uzio na kupekuliwa wakitoka kazini.

Hati ya Shylock nayo ina ndugu zake katika ukanda huu. Bulyanhulu ilikaliwa na wachimbaji wadogo tangu miaka ya 1970. Kampuni ilipokuja na leseni, swali likawa lilelile la Venisi: karatasi inashinda mpaka wapi mbele ya mwili? Agosti 1996 wachimbaji waliondolewa na maduara kufukiwa. Madai kwamba baadhi yao walifukiwa wakiwa humo yalibishaniwa kwa miaka mingi. Serikali na kampuni walikanusha. Mgodi mkubwa ulianza uzalishaji mwaka 2001.

Machi 2017 serikali ilizuia kusafirisha nje ya nchi makinikia, ule mchanga wenye dhahabu, na makontena 277 yakabaki Dar es Salaam. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikapewa kazi iliyo kongwe kuliko zote Usukuma: kupima upya kilichopimwa na mnunuzi. Ripoti yake ya Mei ilisema dhahabu iliyomo ni nyingi kuliko iliyotangazwa, lakini kampuni ya madini iliyohusika ilikataa. Mgogoro uliisha kwa mapatano yaliyosainiwa Januari 2020, kampuni ya Barrick ikikubali kulipa dola milioni 300 na serikali kupata hisa asilimia 16 katika migodi chini ya kampuni mpya ya Twiga. Wachimbaji wadogo nao walikuwa wamefunguliwa soko la madini Geita, Machi 2019, ambako dhahabu hupimwa mbele ya maofisa wa serikali.

Mwishoni mwa tamthilia, Belmont usiku, ugomvi wa wanandoa juu ya pete zao umekwisha na wamepatana. Portia anamkabidhi Antonio barua: merikebu zake tatu, zilizosemekana zimezama, zimefika bandarini na shehena kamili. Kesi nzima ilisimama juu ya habari ya uongo. Portia anasema tu kwamba Antonio hatajua jinsi yeye Portia alivyoipata barua hiyo. Antonio anabaki bila la kusema. Shylock, aliyelipia habari ile kwa kila alichokuwa nacho, hayupo jukwaani kuisikia, na hakuna hata mmoja wao anayependekeza apelekewe ujumbe.